Redio ya Tatu

Bujiku alikuwa kiziwi, na kwa miaka sita Kahama nzima ilimwamini kwa masikio yake. Ninalisema mapema ili usije ukacheka mahali pasipostahili. Sisi tulishacheka, inatosha.

Masikio aliyaacha Nyarugusu, alikokuwa mpiga baruti mgodini: kutoboa mwamba, kushindilia, kuwasha utambi, kukimbia. Alikimbia vizuri, ndiyo maana alitoka na viungo vyake vyote. Mgodi ulipofungwa alirudi kwa mkewe Zipora, kwetu Nyasubi, hapa Kahama, na mlio kichwani kama wa nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Baadaye hata mlio huo ukazima, pamoja na sauti nyingine zote.

Mtu mwingine angesema. Bujiku alijua tunavyowafanyia viziwi, akanyamaza. Salamu za Kisukuma zina mpangilio wake, na ukiijua zamu yako masikio si lazima. Alikuwahi kabla hujafungua mdomo, akakusalimu wewe, mkeo, watoto na ng'ombe, kisha lolote ulilomwambia akalijibu "Mhola duhu", yaani salama tu. Jirani yetu Mageni alipomweleza kwamba amefiwa na mama yake, alijibiwa hivyohivyo. Tukasema mzee amekomaa, haogopi kifo.

Lataben, mjane mwenye duka la redio karibu na soko, alimwajiri kubeba mizigo. Siku moja mteja alikuwa anataka kununua redio ya mbao, Bujiku akaweka kiganja juu ya boksi lake, akafumba macho, akatamka, "Hii inakwaruza." Wakaifungua, wakakuta spika imechanika. Tangu hapo akawekewa kiti mlangoni na kuitwa Mzee Sikio. Watu walikuja hata kutoka Runzewe, na hawakutoa fedha mpaka Bujiku afumbe macho. Kile kiganja tulidhani ni mbwembwe. Kumbe kiganja ndicho kilichokuwa kazini, kikipima mtetemo wa boksi, na aliyejua hilo ni Zipora peke yake. Ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mwa Bujiku kukalia kiti cha kuegemea mbele za watu, na alikipenda kuliko alivyotupenda sisi.

Mwaka 1972 akaja fundi mpya, Pantaleo, kijana aliyesomea redio Mwanza. Redio mbili alizotengeneza zilikataliwa na kile kiganja, akaumia.

"Mama, redio nikiitilia shaka naipima kwa mita," alimwambia Lataben. "Huyu mzee anapimwa kwa nini? Sikio halina cheti."

"Wateja wanamwamini," Lataben akajibu.

"Hata hirizi wanaiamini. Tutundike shuka mbele ya kaunta. Redio ikae nyuma yake, asiione wala asiiguse. Mimi nikiinua mkono, asikilize, aseme. Anayesikia kweli hatahitaji macho wala mikono. Akipatia, nitamwamkia shikamoo kila asubuhi. Akikosea, kiti kiondoke."

Lataben, ambaye hakutaka kumkosa fundi wala wateja, alikubali. Na sitadanganya, Pantaleo alikuwa na haki. Ndicho kinachoniudhi hadi leo.

Bujiku asingeweza kukataa, maana kukataa kulikuwa sawa na kukiri. Nyumbani Zipora alimweleza kwa midomo na vidole, wakapanga ishara. Zipora angesimama mbele ya watu, mumewe amwone. Akigusa kilemba chake, sauti ni safi. Akigusa kidevu, inakwaruza. Hawakupanga nyingine, kwani redio ina mambo gani zaidi ya hayo mawili?

Siku ya gulio duka lilijaa hadi barabarani. Tulionywa tusitoe neno. Bujiku alikaa kitini, miguu pamoja, kofia mapajani. Mkono wa Pantaleo ukatokea juu ya shuka, redio ikaanza kukohoa. Zipora akagusa kidevu.

"Inakwaruza," akasema Bujiku.

Mkono ukashuka, ukainuka tena. Redio ileile. Kidevu.

"Huyu fundi ananichezea. Ni ileile mbovu!"

Hapo alibahatisha, lakini tulipiga makofi mpaka mabati yakalia, na Lataben akatabasamu. Ingeishia pale, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Mkono ukainuka mara ya tatu. Tukasubiri. Hakuna kilicholia. Zipora alidhani redio inachelewa kuwaka. Alikaza masikio yake mazima, akasikia watu wakipumua tu. Chini ya yale mabati joto lilikuwa kali, na yeye alikuwa na hofu. Jasho likamwingia jichoni. Akainua ncha ya kilemba, akajifuta.

Uso wa Bujiku ukachanua.

"Haya! Hii sasa ndiyo redio!" alisema. "Safi! Huyu mwimbaji mpaka pumzi yake naisikia."

Pantaleo akaangusha shuka. Redio ilikuwa imezimwa, na betri zake zimepangwa juu yake. Tulicheka. Mungu atusamehe, watu walishikana mabega wasianguke. Bujiku aliona meno yetu, naye akacheka, akasimama, akaanza kutupa mkono wa shukrani, mmoja baada ya mwingine. Zipora alibaki ameshika kilemba.

Lataben alikibeba kiti mwenyewe, akakiingiza ndani. Bujiku alidhani ataletewa kizuri zaidi. Akasimama pale mlangoni akisubiri, mpaka duka likafungwa.

Alikufa mwaka 1981, akichunga mbuzi wa watu, na watoto walimwimbia nyuma yake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kila aliyemsimamisha, Bujiku alimweleza kwamba yeye alifukuzwa kwa wivu. "Na ile redio ya tatu," alisema, "ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia." Zipora hakumwambia kamwe. Sisi wengine wote tulimwambia, tena kwa kupaza sauti, akatujibu mhola duhu.