Mulimuleta Namna Gani?

Muuguzi wa chumba chetu hapa hospitali ya Baraka haanzi kwa kuuliza jina la mgonjwa. Akiletewa mtu aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akavunjika mgongo, huwageukia jamaa zake: "Mulimuleta namna gani?" Wakijibu, "Ku pikipiki, papa, tulimukalisha katikati yetu," hufumba macho kidogo, kisha huvaa glavu. Hagombezi tena, nadhani amechoka kugombeza. Mikono yake mipana inanuka sabuni ya mawese. Kila baada ya saa mbili hutugeuza, mwili wote kwa pamoja kama gogo, akihesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti ileile, hata katikati ya miayo. Akimaliza hujikandakanda kiuno kwa ngumi.

Jana watu wa kijiji cha Lweba walimleta mzee wao aliyeumia mgongo; walikuja kwa miguu, amelazwa juu ya mlango, amefungwa kwa vitenge asitikisike.

"Mutusamehe, kitanda hakikukuwa," mke wake alisema. "Tuling'oa mulango wa nyumba."

"Na nyumba?" muuguzi akauliza.

"Iko wazi tu."

Muuguzi alikuna nyayo za mzee. Vidole vya miguu vikacheza. Akaupapasa ule mlango taratibu, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake, kisha akaja kunigeuza mimi. Daktari wa Bukavu aliikaza kwa skrubu pingili yangu ya mgongo iliyopasuka, kupitia matundu sita madogo aliyoyatoboa kwenye ngozi. Yote yamepona vizuri, ila miguu haisikii.

"Moja, mbili," akahesabu, akitazama ukuta.

Mimi nililetwa kwa pikipiki.