Nani Kaisokota

Muonjaji wa karakana ya biri haulizi tumbaku imelimwa wapi. Huuliza imepita mikononi mwa nani. Huibonyeza biri nene taratibu, huinusa, huiwasha, kisha huuzungusha moshi mdomoni bila kuumeza, macho kayafumba. "Hii ya shemeji," husema. "Kaikaza mno, jana kagombana na mumewe." Wasokotaji walikuwa wakicheka, maana hakosei. Siku hizi zimebaki mashine, na moshi wa biri zake, asema, hauna mtu ndani.

Asubuhi moja bosi mpya alimpa mzee muonjaji biri iliyotoka mashineni. Akikosa kuitambua, kazi basi. Mzee akavuta: pilipili, udongo wa mvua. Akavuta tena, akauzungusha moshi mdomoni kwa muda mrefu.

"Vipi mzee, ulimi umelala? Nani kaisokota?"

"Mama watoto."

"Mkeo si mlimzika mwaka jana!"

Bosi akaipasua kwa wembe ili amwaibishe. Majani yalikuwa yamekunjwa kuelekea kushoto, kama alivyokunja marehemu mkewe, yeye pekee kati ya wasokotaji. Mashine hukunja kulia. Bosi akauweka wembe chini.

Mzee hakuyatazama majani.

"Umeipasua," alisema. "Nilikuwa bado namsikiliza."