Zaina kaenda mashineni peke yake

Jamani, leo mimi na mume wangu kipenzi tumelia!

Tunaishi hapa Kwaluguru na wifi yangu mdogo, Zaina. Tangu mama yao afariki hataki shule, hata kusalimia watu hataki. Mume wangu, Mungu anitunzie, anamzoesha polepole kutoka peke yake, tukiomba siku moja arudi darasani.

Leo kajitwika mahindi mwenyewe mpaka mashineni. Karudi na unga, anacheka!

“Wifi, nimemwamkia mwalimu wangu!”

Nikamkumbatia. “Akasemaje?”

“Marahaba. Halafu akaniuliza, wewe mtoto wa nani?”

Kicheko kikamwisha.

“Kumbe hanijui tena. Basi Jumatatu siendi.”

Tukatazamana na mume wangu. Zaina alishapanga kurudi shule, na hakutuambia.

Nyie mngemjibu nini?