Baba Mdogo Alinipa Paswedi Yake Mwenyewe, Leo Ananiita Mwizi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ofisi yetu nzima inafuatilia ukurasa huu na wengine ndio wa kwanza kukoment. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, nakaa Sofu, Kibaha. Nafanya kazi masjala kwenye shirika moja linalochimba visima vijijini. Nasema nafanya, ila nimesimamishwa, hii ni wiki ya pili niko nyumbani, na aliyenifikisha hapa ni mtu aliyenilea.

Ni baba yangu mdogo. Baba mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu, yeye ndiye akanichukua kwake Kisarawe, akanisomesha, akawa walii wangu siku ya ndoa. Hata kazi hii alinitafutia yeye, maana ndiye meneja wa miradi pale. Mtu kama huyo unamwambiaje hapana? Mimi sikuwahi kujifunza.

Miaka miwili iliyopita shirika lilihamishia makaratasi yote mtandaoni. Ripoti inapandishwa kwenye mfumo, kila mtu anaandika maoni yake pembeni, hoja ikishajibiwa maoni yanafungwa yasionekane, meneja anabonyeza kuidhinisha, inakwenda kwa wafadhili. Kwenye mafunzo tuliambiwa paswedi usimpe mtu hata mumeo. Baba mdogo siku ile alikaa nyuma anasinzia. Kesho yake akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mwanangu, mimi nimezoea jalada na peni. Na macho yenyewe ndiyo haya. Uwe unanifungulia wewe, nikikwambia pitisha, pitisha."

Akanitajia paswedi, jina la mama mdogo na mwaka waliooana. Nikasema sawa baba. Na jamani msinione mjinga peke yangu, pale ofisini kila mkubwa ana mtu wake wa kumbonyezea. Bosi kukaa anahangaika na kompyuta mwenyewe inaonekana kama kujishusha.

Sasa ikaja ripoti ya kisima cha Kurui. Fundi wetu wa maji akaandika pembeni: "Maji yana chumvi nyingi. Tusikabidhi, tupime tena." Baba mdogo siku hiyo alikuwa Kisarawe msibani, jirani yake amefariki. Nilimpigia hakupokea, nikamwandikia. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, nyuma nasikia watu wanasoma dua: "Huyo fundi ana maneno mengi. Funga hayo maoni yake, pitisha, wafadhili wanasubiri. Watu wa Kurui wameshazoea shida, chumvi kidogo itawafanya nini?"

Nikaingia kwa jina lake, nikafunga maoni, nikapitisha. Hata dakika tatu hazikufika.

Kisima kikakabidhiwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi miwili akaja ofisini bibi mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Kurui, kabeba dumu la lita tano. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliomba vikombe, akatumiminia wote mpaka mkurugenzi. "Onjeni wanangu." Mkurugenzi alitema palepale. Bibi akasema, "Sisi tumesharudi kwenye madimbwi yetu. Na bustani tulizomwagilia maji haya zimekauka zote." Akafunga dumu lake akaondoka.

Fundi akasema, mimi niliandika. Mfumo ukafunguliwa mbele ya watu, na mle ndani hakipotei kitu: maoni yalifungwa saa tano asubuhi, kwa jina la meneja, kwenye kompyuta ya masjala. Wote wakanigeukia mimi. Nami nikamgeukia baba mdogo, nikijua sasa atasema. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Siku hiyo nilikuwa msibani, msiba mzima unanishuhudia. Huyu mtoto paswedi yangu sijui aliiba lini."

Aliiba! Mimi! Palepale mkurugenzi akanisimamisha kazi, akaunda kamati ya kulichunguza.

Jioni hiyohiyo akaja kwangu. Karibu ya nini, nilimpa kiti kwa mazoea tu. Akasema, "Mwanangu, nimebakiza miezi minne nistaafu. Wewe bado kijana, kazi utapata. Kubali tu yaishe." Mama mdogo naye simu haziishi: "Mtoto hamvui nguo baba yake." Na mimi niliyevuliwa mbele ya ofisi nzima ni mtoto wa nani? Nina hasira, jamani.

Mume wangu anasema niipeleke ile sauti kwenye kamati, nisipoipeleka ataipeleka yeye. Sauti ninayo. Kamati imenipa mpaka Jumatatu.

Lakini kuna jambo sijamwambia mume wangu, nalisema hapa kwa mara ya kwanza. Ile sauti ni jibu. Juu yake kuna ujumbe wangu, nilioandika kwa vidole vyangu: "Baba, maji ya Kurui ni ya chumvi, fundi anakataa, nifanyeje?" Ofisini nimeapa kwamba sikusoma yale maoni, nilibonyeza tu nilivyoagizwa. Uongo. Niliyasoma yote. Yule bibi aliponipa kikombe na kuniita mwanangu, ladha ya yale maji nilikuwa naijua kabla sijaonja.

Nikiipeleka sauti, kamati itataka kuiona kwenye simu yenyewe; aliyenilea anaanguka, na mimi naanguka naye. Nikinyamaza, nafukuzwa kwa wizi ambao sikuufanya, huku nililolifanya kweli hakuna anayelijua. Mnaotaka kutukana tukaneni, sitakasirika. Ila mkimaliza mnishauri kwa haki: Jumatatu niende na ile simu, au niiache nyumbani?