Suruali ya Mpira ya Merle Stauffer

Merle Stauffer alichoka hata kabla hajamaliza kufunga mikanda ya suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani. Miaka arubaini alipasua mbao kiwandani, na magoti yalistaafu kabla yake. Lakini Februari ilikuwa imefika, vijidudu vyeusi vimeanza kutembea juu ya theluji, na siku kama hiyo, katika bonde lile la Pennsylvania, hakuna mvuvi wa trauti, samaki wa mito ya baridi, anayebaki ndani.

Binti yake, Doreen, alishamwonya. Mwaka jana Merle aliteleza mtoni, akarudi nyumbani akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wakapatana: akirudi tena na maji ndani ya suruali, suruali inaondoka, na mto basi.

Royce, jirani yake, alikuwa tayari katikati ya mto, maji kiunoni.

"Mzee mwenzangu," akamwambia, "umekuja kuvua au unangoja basi?"

Merle akaingia hatua mbili. Maji yakamsukuma, goti la kushoto likacheza. Akarudi, akaketi juu ya gogo ukingoni. Vipete vya ufito wake wa kuvulia, vinamopita uzi, vilikuwa vimezibwa na barafu. Akavinyonya kimoja kimoja, mradi mdomo upate kazi.

Hapo akaona kijidudu kikimpanda kiatuni. Kisha kingine. Vijidudu hivi havitokei katikati ya mto kama vile vya kiangazi. Hutambaa chini ya maji mpaka ukingoni, na trauti huvifuata. Merle alilijua hilo tangu ujana. Na bado kila Februari alipita juu ya samaki kwa mabuti, akikimbilia kilindini, eti mvuvi ni aliyezama kiunoni.

Bila kuinuka, akatupa nzi wake wa bandia, manyoya meusi aliyoyafunga mwenyewe kwenye ndoana, majini pua na mdomo na gogo lake. Ufito ukapinda. Trauti wa kahawia, mnene, mzito kwa baridi. Merle akalowesha mkono kwanza, akamtoa ndoana, akamwachia aende.

"Umempatia wapi huyo?" Royce akauliza.

"Hapo ulipopita."

Jioni Doreen aliipapasa suruali kwa ndani. Kavu. Akasema haya, baba, ahadi ni ahadi, ibaki. Merle akatikisa kichwa. Kuivaa tu kulimchosha kuliko mto wenyewe.

"Mpe Royce," akasema. "Ila kile kiti cha jikoni kilichovunjika mgongo, usikitupe. Kitanifaa kule ukingoni."