Pipa la Soudi na katedrali ya Mardochée

Soudi wa mtaa wa Mikelenge alikuwa na mashine yake ya mwangwi kabla Mardochée hajaota meno. Ilikuwa pipa. Pipa la mafuta, la chuma, tupu, lenye kutu upande mmoja. Miaka ile ya vita mafuta hayakufika Kindu, garimoshi halikufika, na chumvi ilifika kwa kubembelezwa. Mapipa matupu ndiyo hayakukosekana.

Soudi alililaza nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Ndani kabisa aliweka redio ya kaseti ya kunasa sauti. Yeye alikaa mdomoni mwa pipa na gitaa lake, ambalo nyuzi zake zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Mawe ya redio, yaani betri, yalianikwa juani asubuhi, na jioni yalitoa wimbo mmoja, au mmoja na nusu yakiwa na moyo mwema. Sauti iliingia pipani nyembamba, ikanaswa nene, kama ya mtu aliyekula.

Mkewe Aziza hakumpa heshima yoyote ya msanii. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, maana ndiyo iliyobaki kuliwa, na hakuona sababu ya kusimamisha mchi kwa ajili ya wimbo. Soudi alimwomba atulie kidogo. Aziza akasema tumbo la mtoto wao Mounira halina kitufe cha kuzimia. Basi Soudi akaimba kwa mwendo wa mchi. Mchi ukikimbia, naye alikimbia.

Siku moja walikuja askari. Walikuwa wameambiwa kwamba yuko mtu anayeficha redio ya kuongea na watu wa msituni. Wakalizunguka pipa. Koplo wao akaingiza kichwa, akataja jina lake, na pipa likamrudishia jina kubwa kuliko alilopeleka. Akalipenda. Akajaribu tena, safari hii akijiita kapteni. Pipa likakubali. Alipofikia cheo cha kanali akatoa kichwa, akaondoka, na wenzake wakamfuata kwa adabu mpya. Aziza alisema kwamba sasa ameona vyeo vinapotoka.

Vita vikaisha. Mounira akaolewa Kailo. Pipa Aziza alilikatisha, akapanda lengalenga, mchicha wa kwao, ndani yake. Katika kaseti zote ikabaki moja.

Mvua zilizopita, Aziza alifariki. Soudi hakulia mbele ya watu. Alimwagilia lengalenga kupita kiasi mpaka ikaoza.

Kisha akatoa ile kaseti. Wimbo wenyewe hakuujali sana. Lakini mwisho wake, mchi unanyamaza na Aziza anamwita mumewe aje kula. Maneno machache. Mahali pengine popote sauti ya Aziza haikubaki, hata kwa simu ya Mounira. Na redio yake kuukuu ilikuwa imeanza kutafuna utepe. Ndipo akaibeba kaseti kwa Mardochée, ikiwa imefungwa katika kitambaa.

Mardochée alikuwa injinia wa sauti. Studio yake ilikuwa chumba alimolala. Godoro lilizuia makelele ya dirishani mchana, na usiku lilirudi kazi yake. Alieleza kwamba mashine zote za wakubwa, zile zilizojaza nyumba nzima kule Kinshasa, sasa ziko ndani ya kompyuta yake kama picha, na vifungo vyake vinazungushwa kwa kidole. Soudi akauliza waya zinaingilia wapi. Hakuna waya. Akauliza mvua ikinyesha inakuwaje.

"Hainyeshaki mule, Papa."

Soudi alimwomba aiokoe kaseti, basi. Habari ya Aziza hakuitaja. Aliona aibu, mzee mzima kuomba sauti ya bibi.

Soudi aliporudi kuuchukua wimbo, Mardochée alimvika vile visikilizio vya masikioni kama mtu anayevika bwana harusi kofia. Soudi akajisikia: kijana, safi, mpana. Lakini nyuma yake kaseti ilikuwa inavuma. Akauliza ni nini. Mardochée alifurahi kuulizwa. Alikuwa ameondoa mvumo wote wa kaseti, uchafu ule unaoitwa parazite. Halafu akaweka mvumo wa kaseti wa kompyuta, ulio bora zaidi, maana watu wa leo wanapenda mambo ya zamani.

"Umetoa kutu yangu, ukapaka yako," Soudi akasema.

"Na nimekuweka mu katedrali."

Soudi akavua vile vya masikioni. "Mutoto wangu, mimi niko muislamu."

Mardochée akatafuta katika orodha yake ya mwangwi. Msikiti haukuwamo. Kulikuwa na uwanja wa mpira, handaki na bafu. Soudi alipima bafu, akaona heri abaki katika katedrali. Akavaa tena, akangoja mwisho.

Mwisho ukafika. Gitaa likazimika polepole chini ya dari refu la maaskofu. Hakuna aliyemwita kula.

"Aziza iko wapi?"

"Nani, Papa?"

"Bibi yangu. Ananiitaka pale mwisho."

Mardochée akakumbuka kwamba palikuwa na makelele ya jikoni, na mama mmoja akisema. Mashine ilimhesabu kuwa parazite. Alilisema lile neno mpaka mwisho kabla ya kulisikia.

"Walimuitaka majina mingi," Soudi akasema. "Hiyo bado."

Akaomba kaseti yake. Mardochée akaileta akitazama ukuta. Utepe ulining'inia nje kama matumbo ya kuku. Redio ya Mardochée nayo ilikuwa imeutafuna, mara tu baada ya wimbo kuingia kwenye kompyuta. Soudi aliushika utepe, akajaribu kuurudisha kwa kidole. Ulikuwa umekatika vipande.

Kisha Mardochée akasema polepole kwamba mashine haitupi uchafu. Inauweka pembeni. Akabonyeza.

Wimbo haukuwamo kabisa. Kulikuwa na mchi. Kuku. Mounira mdogo akikohoa. Risasi moja, mbali, upande wa mto. Mchi tena, ukikimbia, halafu ukanyamaza.

"Baba Mounira, kuya ukule. Pipa haitakula."

Soudi aliinamisha kichwa. Mardochée akarudisha nyuma bila kuombwa, Aziza akaita tena.

"Hii njo nataka," Soudi akasema. "Ile ya katedrali ubaki nayo."

Mardochée akataka kusaidia, na msaada aliokuwa nao ni ule anaoujua. Akauliza kama amwekee mama mwangwi kidogo tu, apendeze.

"Hapana. Huyu umuache ku jikoni."

Mardochée akapitisha kidole kwenye orodha: uwanja, handaki, bafu, katedrali. Jiko halikuwamo. Akaondoa mkono, akamwacha alipokuwa.