Panya Hawakuwamo Kwenye Mchoro

Shule niliishia darasa la pili, lakini waya uliotafunwa na panya naujua.

Mjukuu wangu ni fundi umeme wa magari hapa Nachingwea. Msichana, ndiyo. Nasema mapema msije mkauliza. Siku moja jirani yetu alimletea kirikuu, kile kigari kidogo anachosombea ufuta kutoka Ruangwa. Taa zilikuwa zimekufa tena. Mafundi wawili walishazitengeneza, zikafa gari likiwa njiani.

"Binti, nakujaribu. Zikizima tena, gari nalipeleka Masasi, na watu nitawaambia kwa nini."

Huyo namjua. Angesema sokoni, angesema mpaka msibani, na mjukuu wangu asingeletewa gari jingine.

Mjukuu wangu alizitoa nyaya zote za zamani, zikajaa karai. Kisha akakaa mkekani na kompyuta yake. Nikasogea. Jambo nisilolijua huniwasha kama upupu.

"Unafanya nini, mke mwenzangu?" Ndivyo ninavyomtania.

"Naiuliza akili mnemba, bibi. Nimeipa vipimo vya gari, betri iko wapi, taa ziko wapi. Inanitafutia njia fupi ya kupitisha nyaya, zisiwe nyingi, zisipate moto."

"Nani yumo humo?"

"Hamna mtu."

"Sasa hiyo akili ni ya nani?"

Akacheka. "Ya watu wengi, bibi. Imesoma waliyoyaandika."

Nikaitazama ile mistari ya rangi. Wallahi ilipendeza, imepangika kama ukili uliosukwa na mtu mwenye subira. Nikamwuliza ule mwekundu unapita wapi. Akasema chini ya bodi ya mizigo, moja kwa moja hadi taa za nyuma.

"Imewahi kubeba ufuta hiyo mashine?"

"Bibi!"

"Nijibu."

Nikamvuta mkono hadi kwenye gari. Nikapenyeza kidole chini ya bodi, nikakitoa kimejaa ufuta na mavi ya panya. Gunia likitoboka kidogo tu, ufuta unapita kwenye nyufa na kujaa kule chini. Wewe unaona gari, panya anaona ghala. Pitisha waya hapo, umempa cha kunolea meno.

Wale mafundi wawili nao walipitisha hapohapo.

Akarudi mkekani, akaiandikia habari za panya. Mashine haikununa, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, mimi ningenuna. Ikachora upya. Waya ukapanda juu ndani ya bomba, ukafuata vyuma vya turubai, ukashukia nyuma. Mrefu kuliko ule wa kwanza, lakini basi.

Msimu mzima gari lilikwenda Ruangwa na kurudi, hadi Chinongwe ndani huko. Kila nikilisikia linapita nilitoka kuangalia taa. Ufuta ulipokwisha, jirani akaja uani, akatuambia tuchungulie chini ya bodi. Palikuwa na kiota cha panya, vitoto vyekundu tele, vimelala raha mustarehe. Waya hapakuwa na hata mmoja.

"Fundi," akamwambia mjukuu wangu. Fundi! "Shemeji yangu wa Narung'ombe naye ana kirikuu. Nimwambie akuletee?"

Mjukuu wangu alishaanza kufungua kompyuta.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Muulize huyo shemeji anabeba nini."